Tangu Maji Yaanze Kumwagika

Uvimbe mbaya wa ubongo kwa mtoto huota mara nyingi upande wa nyuma wa kichwa, usawa wa kisogo. Hapo ndipo ulipo ubongo mdogo unaotawala mwendo, usawa wa mwili na ulengaji wa mkono. Mbele yake limepita shina la ubongo, lenye mishipa inayoendesha macho, uso, kumeza na kupumua. Kati ya viwili hivyo kuna chemba ndogo ambamo maji ya ubongo hupita yakielekea uti wa mgongo. Nafasi yenyewe ni finyu. Uvimbe wa ukubwa wa limau ukikaa hapo, njia ya maji huziba, na maji yanayotengenezwa usiku na mchana hujaa ndani ya fuvu lisilo na pa kupanukia. Karibu dalili zote za ugonjwa huu zinatokana na mambo hayo mawili: kile kinachokandamizwa na uvimbe, na maji yaliyokosa pa kutokea.

Aina inayojulikana zaidi ni meduloblastoma, iliyoelezwa na Percival Bailey na Harvey Cushing huko Marekani mwaka 1925. Inachukua takriban moja ya tano ya uvimbe mbaya wa ubongo wa watoto. Ependimoma huota kwenye kuta za chemba za maji. Uvimbe wa rabdoidi huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka mitatu, na chanzo chake kwa kawaida ni kuharibika kwa jeni moja iliyo katika kromosomu namba 22. Glioma ya ponsi hukaa ndani kabisa ya shina la ubongo, imejisokota na nyuzi nzima kiasi kwamba hakuna kisu kinachoweza kuitenganisha nazo. Hiyo ndiyo iliyomuua Karen, binti wa Neil Armstrong, Januari 1962, miaka saba kabla baba yake hajakanyaga mwezi.

Ugonjwa ni adimu, na uadimu wake unaweza kukadiriwa. Katika nchi zenye daftari kamili la saratani, watoto takriban 5 kati ya kila 100,000 hupata uvimbe wa ubongo kila mwaka, ukijumlishwa ulio mbaya na usio mbaya. Kaskazini-magharibi mwa Tanzania, sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 wilayani Ngara na 323,486 katika wilaya jirani ya Biharamulo, na karibu nusu ya watu hao ni watoto. Kiwango kikiwa ni hicho hicho, wilaya hizi mbili kwa pamoja zingekuwa na watoto 15 hivi kwa mwaka, na kati yao mmoja au wawili wenye meduloblastoma. Tabibu wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja au, kwa usahihi zaidi, bila kujua kwamba alimwona.

Mmoja wa matabibu waliotumika upande wa Ngara miaka ile safari ya Mwanza ilipotegemea kivuko anakumbuka binti wa miaka saba aliyeletwa na bibi yake. Mtoto alikuwa ametapika mara kwa mara kwa miezi kadhaa, na kichwa amekilaza upande mmoja kama anayesikiliza kitu ukutani. Tabibu aliuliza swali la kawaida, kwamba ugonjwa umeanza lini. Bibi alijibu kwamba kuumwa hakujui kulianza lini, ila maji yameanza kumwagika tangu wavune maharage. Ilibidi aulizwe tena ndipo aeleweke. Binti yule alikuwa akipanda mlima na ndoo kichwani bila kuishika, kama watoto wengi wa vilima vya Ngara wanavyoweza, na nguo zikabaki kavu. Baada ya mavuno ya maharage akaanza kufika nyumbani amelowa. Akachapwa kwa uzembe. Akapewa ndoo ndogo, akalowa vilevile. Shuleni nako mwalimu alikuwa ameona mwandiko umeharibika, akadhani ni utoro wa akili.

Hakuna kitabu cha tiba kinachoitaja ndoo ya maji kati ya vipimo vya ubongo mdogo, lakini ni kipimo kikali. Kubeba ndoo kichwani juu ya njia ya mawe kunataka shingo, macho, sikio la ndani na miguu vifanye kazi pamoja kwa kila hatua, na ubongo mdogo ndio unaoviunganisha. Daktari humwambia mtoto atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole, na kumtazama kwa nusu dakika. Mtoto wa kijijini hufanya mtihani mgumu kuliko huo mara mbili kwa siku, mwaka mzima, mbele ya watu wanaomjua. Kwa hiyo nyumbani ndipo ugonjwa ulipoonekana kwanza. Ulionekana kama tabia mbaya.

Daftari la wagonjwa la zahanati lilionyesha kwamba binti alikuwa amefika mara nne. Mara ya kwanza aliandikiwa malaria, na kipimo cha haraka kilikuwa kimeonyesha malaria kweli. Mara ya pili minyoo. Mara ya tatu maambukizi ya njia ya mkojo. Mara ya nne malaria tena, safari hii kipimo kikiwa hakikuonyesha kitu. Ni rahisi kuwalaumu waliomhudumia, na si haki. Kila aliyeandika alimwona mtoto siku moja, akatibu kinachoua watoto wengi zaidi katika eneo lile, na kwa siku ile alikuwa na sababu. Kosa halikuwa katika mstari wowote wa daftari, kwa kuwa daftari lile huandikwa kwa siku, si kwa mtoto. Kati ya ziara ya kwanza na ya nne kulikuwa na mamia ya majina ya wengine, na hakuna aliyefunua kurasa nyuma hadi bibi alipoyataja maji.

Malaria ndiyo pazia zito kuliko yote. Mahali ambapo mtoto anaweza kuwa na vimelea vya malaria bila kuumwa sana, kipimo chanya kinathibitisha kwamba vimelea vipo, hakithibitishi kwamba ndivyo vinavyomtapisha. Dawa huua vimelea, kipimo cha baadaye huwa safi, na mtoto anaendelea kutapika. Hapo ndipo pa kusimama. Kutapika kunakorudi baada ya malaria kutibiwa, bila homa na bila kuharisha, kunahitaji maelezo mengine.

Saa ya kutapika nayo hueleza mengi. Mtoto akilala chali usiku kucha, na pumzi ikipungua usingizini, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka na msukumo ndani ya fuvu hupanda. Ndiyo maana kichwa huuma alfajiri na matapishi huja kabla ya uji. Akishaamka na kutapika, hupata nafuu. Familia nyingi husema ni nyongo, na kwa kuwa tumbo ni tupu, kinachotoka kweli ni nyongo. Kisha mama humbeba au hutembea naye saa mbili hadi zahanati, wanafika saa nne asubuhi, na mtoto anayeonekana mbele ya tabibu anacheza na mlango. Ugonjwa una saa yake ya kujionyesha, na saa hiyo zahanati imefungwa. Swali la kwamba anatapika wakati gani halina gharama yoyote, lakini ndilo linalorukwa mara nyingi kuliko mengine.

Nje ya zahanati kuna njia nyingine ambazo mtoto hupitishwa kwanza. Kutapika kusikoisha kumewapeleka watoto kukatwa kimeo. Mtoto akipata degedege bila homa, wapo wanaoamini sindano itammaliza, wakampeleka kwa mganga. Macho yakianza kutazamana, au upande wa uso kulegea, jina linalotajwa ni jini au jicho la mtu. Mganga wa kienyeji ana jambo moja ambalo zahanati haina: humsikiliza mtu hadithi yote tangu mwanzo, hata kama itachukua mchana mzima. Hadithi ile ingefika mikononi mwa tabibu, nusu ya kazi ya utambuzi ingekuwa imekwisha.

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt alipoanza kuufuatilia uvimbe wa taya wa watoto katika hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1957, alikuwa na bahati ambayo ugonjwa wa ubongo hauitoi. Uvimbe wa taya unaonekana na kila mtu. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliweza kuzunguka kwa gari hospitali zaidi ya 50 za mashariki na kusini mwa Afrika wakionyesha picha na kuuliza kama watoto wa namna hiyo wamewahi kuonekana, na majibu yakachora ramani. Uvimbe ulio ndani ya fuvu hauna picha ya kumwonyesha muuguzi wa misheni. Unabaki kuwa hadithi ya mwendo, macho na asubuhi.

Eneo la Ngara nalo limezoea tiba ya umati. Mwishoni mwa Aprili 1994 takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, na Benaco, wilayani Ngara, ikawa mji wa mahema. Madaktari waliojaa Ngara miaka ile walipambana na kuhara damu, surua, malaria na utapiamlo, wakiwapanga watoto kwenye mistari. Tiba ya namna hiyo huokoa maelfu. Inafundisha pia macho kumtazama mtoto kwa sekunde chache, na mazoea hayo hubaki hata mahema yakishaondolewa.

Kwa watoto wachanga dalili ni tofauti, kwa kuwa mifupa ya fuvu haijaungana. Badala ya kuumwa kichwa, kichwa hukua. Kwa kawaida mzunguko wake ni sentimita 35 hivi wakati wa kuzaliwa, na huongezeka kama sentimita 12 kwa mwaka wa kwanza. Ukiongezeka kasi kuliko hapo, utosi ukatuna, mishipa ikajichora kwenye paji na macho yakabaki yanatazama chini, msukumo umepanda. Tepu ya fundi cherehani inatosha kupima. Uzito wa mtoto hupimwa kliniki kila mwezi bila kukosa, lakini kichwa hupimwa kwa nadra.

Vichwa vikubwa vingi, hata hivyo, havitokani na uvimbe. Hospitali ya watoto ya CURE iliyoko Mbale, Uganda, chini ya daktari wa upasuaji Benjamin Warf, ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto wake wenye kichwa kikubwa waliugua maambukizi baada ya kuzaliwa. Mbale pia ndiko ilikokuzwa njia ya kufungulia maji njia mpya ndani ya ubongo kwa kamera nyembamba, bila kuacha mpira mwilini. Hatari kwa mtoto mwenye uvimbe ni kwamba mpira wa kutoa maji humpa nafuu ya haraka. Kutapika kunakoma, mama anashukuru, wanarudi kijijini, na uvimbe uliosababisha yote unaendelea kukua kwa utulivu. Mpira usiwekwe kabla ya kujulikana kilichoziba.

Kuna hofu ya zamani vijijini kwamba sindano ya mgongo inaua. Wahudumu huipinga, na kwa mtoto mwenye homa ya uti wa mgongo wako sahihi, kwa sababu maji yanayovutwa kwa sindano hiyo ndiyo yatakayoonyesha dawa inayofaa. Lakini kwa mtoto mwenye uvimbe wa nyuma ya kichwa, hofu ile ina chembe ya ukweli. Maji yakitolewa chini ghafla huku msukumo juu ukiwa mkubwa, ubongo husukumwa kuelekea tundu la fuvu na kulibana shina linaloendesha pumzi. Kabla ya kuchoma, mtoto aangaliwe macho kwa kioo cha kuonea ndani ya jicho. Mshipa wa fahamu wa jicho ukionekana umevimba, sindano isubiri picha. Kioo hicho hutosha mfukoni, na katika hospitali nyingi za wilaya hukosa betri.

Binti wa ndoo aliambiwa atembee kwenye mstari uliochorwa mavumbini kwa kijiti, akaanguka upande wa kulia mara mbili. Aliandikiwa rufaa ya Mwanza siku hiyo hiyo. Alipewa deksamethasoni, dawa inayopunguza uvimbe unaozunguka saratani bila kuigusa saratani yenyewe, na kwa siku tatu alionekana amepona. Tabibu anakumbuka kwamba nafuu hiyo nusura ivunje safari, kwa kuwa baba alianza kuuliza kwa nini auze ng'ombe kwa ajili ya mtoto anayekula vizuri.

Safari ya Mwanza wakati ule haikuwa jambo la nauli tu. Basi lilisubiri askari wa kulisindikiza kuvuka mapori ya Biharamulo, kwa hofu ya majambazi wenye silaha, kisha lilisubiri foleni ya kivuko Busisi. Mtoto anayetapika kila alfajiri alilazwa kwenye mkeka kituoni. Mapori yametulia tangu hapo, na Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa, likafuta masaa ya kivuko. Kwa familia za Rusumo, Kigali iko takriban kilomita 160 tu, wakati Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,200. Ila rufaa na misamaha ya gharama havivuki mpaka kama watu wanavyovuka.

Picha ya CT huonyesha uvimbe ndani ya dakika chache. Meduloblastoma huonekana kama donge jeupe katikati ya ubongo mdogo. MRI huonyesha zaidi, na ya mgongo ni ya lazima kwa sababu aina hii husafiri ndani ya maji na kuotesha mbegu kwenye uti. Picha hata hivyo haitoi jina la mwisho. Jina hutoka kwa daktari wa patholojia, baada ya kinyama kukatwa na kuwekwa chini ya darubini, na wiki za kusubiri jibu hilo ni wiki ambazo uvimbe hausubiri.

Matibabu huanza na upasuaji. Lengo ni kutoa uvimbe kadiri unavyotoka bila kulijeruhi shina. Karibu robo ya watoto wanaofanyiwa upasuaji wa meduloblastoma huamka na kuongea siku ya kwanza, kisha huacha kabisa kusema kwa wiki au miezi. Mzazi asipoonywa mapema, huamini mwanawe ameharibiwa au amerogwa hospitalini. Sauti hurudi kwa walio wengi, ingawa huwa nzito na ya polepole. Kati ya maelezo yote anayopaswa kupewa mama kabla ya kuweka dole gumba kwenye fomu, hili ndilo lenye uzito kuliko mengine, na halihitaji mashine.

Mionzi hufuata ndani ya wiki nne hadi saba. Ubongo wote na uti mzima wa mgongo humulikwa, kisha mahali pa uvimbe huongezewa kipimo, kwa jumla ya vikao 30 hivi katika wiki sita. Kwa miaka mingi mionzi nchini Tanzania ilipatikana hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, peke yake, katika majengo ya pwani yaliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897. Hospitali ya Bugando, Mwanza, ilianza huduma hiyo mwishoni mwa muongo wa 2010. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hukwepeshwa mionzi ya ubongo mzima, kwa sababu inazima akili inayokua. Kwake hutumika dawa za dripu pekee, na ndiyo maana uvimbe wa rabdoidi ni mgumu hivyo. Dawa zenyewe, kama sisplatini, vinkristini na siklofosfamidi, ni za zamani na hazina bei ya kutisha. Zinachohitaji ni damu kupimwa kila mara, maji mengi, na kitanda karibu mtoto akipata homa. Meduloblastoma isiyosambaa, ikitibiwa kwa hatua zote hizi, hupona kwa zaidi ya watoto saba kati ya kumi katika nchi tajiri.

Hatua zote ndilo neno gumu. Wiki sita za mionzi na miezi ya dripu ni msimu mzima wa kilimo. Mama aliye Dar es Salaam na mtoto mmoja ameacha wengine wanne Ngara, na anayekatisha tiba mara nyingi ameitwa na simu ya nyumbani. Tumaini la Maisha, shirika lililokua pamoja na wodi ya saratani ya watoto katika hospitali ya Muhimbili, lilielewa mapema kwamba nyumba ya kulala wazazi ni sehemu ya dawa, pamoja na nauli na shule ndani ya wodi. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 2018 lengo la kuponya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030, lilichagua saratani sita za kuanzia. Ya ubongo iliyomo ni glioma inayokua polepole. Meduloblastoma haimo.

Hata nchi zenye mashine kila mji hazikuwa na haraka. Uingereza mwaka 2006 ilichukua wiki 14 hivi tangu dalili ya kwanza hadi utambuzi. Baada ya kampeni ya 2011 iliyogawa kadi ndogo za dalili kwa wazazi na madaktari, muda ulishuka chini ya wiki 7. Hawakuongeza ujuzi wa upasuaji. Waliongeza maswali.

Glioma ya ponsi haiponi hata ikitambuliwa mapema. Tabibu yule yule anakumbuka mvulana wa familia ya wafugaji upande wa Biharamulo, aliyeanza kuona vitu viwili viwili, uso ukalegea, maji ya kunywa yakawa yanatokea puani. Kwa mtoto wa namna hiyo mionzi hununua miezi, na wengi hufariki ndani ya mwaka. Familia ilielezwa hivyo waziwazi, ikachagua kumrudisha bomani. Kilichohitajika kuanzia hapo kilikuwa morfini ya maji, deksamethasoni, uji mzito kuliko maji ili asipaliwe, na mtu wa kumgeuza kitandani. Ilimchukua tabibu muda mrefu kuliko ilivyopasa kujifunza kwamba kusema hakuna dawa ya kuponya si sawa na kusema hakuna la kufanya.

Waliopona hurudi na alama. Sisplatini hupunguza usikivu, hasa wa sauti nyembamba; mionzi hupunguza urefu na kasi ya kujifunza, na tezi ya shingo inaweza kulegea miaka baadaye, kwa hiyo damu hupimwa kila mwaka hata mtoto akionekana mzima. Binti wa ndoo alirudi Ngara baada ya miezi kumi, kichwa kikiwa hakijaota nywele kisogoni. Alirudia darasa, akakalishwa dawati la mbele upande wa kushoto ili sikio zuri limwelekee mwalimu. Mwendo wake ulibaki wa miguu iliyoachana. Nyumbani hakupewa tena ndoo ya kichwani. Bibi alimnunulia dumu la lita tano lenye kifuniko, la kushika mkononi.